Mkia wa Mtumbwi

Uani kwangu pana mtumbwi ambao hauelei tena. Ulipasuka ubavu miaka mingi iliyopita, nikauziba kwa lami na kipande cha bati, na tangu hapo umekuwa hori la kunyweshea ndama. Kila asubuhi nikimimina maji, mti wake huloa na kutoa harufu ya mwembe mkongwe na tope la mtoni, nami husimama pale na ndoo tupu mkononi muda mrefu kuliko inavyohitajika. Wanangu wamezoea. Wanadhani nawahesabu ndama.

Mwenye mtumbwi huo alikuwa Shangazi Habiba, dada mkubwa wa baba yangu. Tulimzika mwaka huu, wakati wa mvua. Mto ulikuwa umevunja kingo na njia ya makaburini iko chini ya maji, basi jeneza lilivushwa kwa boti ya injini, na vijana walioiendesha walitugawia sote jaketi za kujiokolea za rangi ya machungwa, wazee kwa watoto. Mjukuu wangu, aliyebanwa na jaketi lake mpaka mabega yakagusa masikio, akaninong'oneza kuniuliza kama bibi tunayemzika alijua kuogelea. Nikacheka. Nilicheka mbele ya jeneza, jambo lisilo la adabu, na watu wakanitazama. Sikuwa na namna ya kuwaeleza pale. Ndiyo sababu naandika.

Tuliishi kando ya mto Tana, upande wa Ndera, ukishuka kidogo kuelekea Garsen. Kijiji kilikuwa ukingo mmoja na mashamba mengi yalikuwa ukingo wa pili, kwa sababu mto ulihama kabla sijazaliwa na haukumwuliza mtu. Baba alifanya kazi kwenye kinu cha mpunga Garsen na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi akinuka vumbi la makapi. Yeye alikuwa Mpokomo, mtu wa ukingo wa mto. Mama alikuwa Muorma, binti wa wafugaji wa nyikani, na alipoolewa kwetu alikuja na vibuyu vyake vya maziwa, na mitamba wake, na woga wa maji ambao hakuuficha wala hakuuonea haya.

Jambo moja tu alilijua kuhusu mto, nalo alitusimulia jioni nyingi. Watu wa kwao wanapovusha ng'ombe, mtoto hupewa dume zuri, lile linaloogelea bila wasiwasi, na huambiwa ashike mkia. Ng'ombe ataogelea, na wewe utakokotwa nyuma yake. Maji yakikuingia puani, usiachie. Ukiona giza, usiachie. Achia utakaposikia kwato zinagonga ardhi. Mama alivuka hivyo akiwa mdogo, na alipofika kwenye maneno ya kwato alikuwa akigonga mkeka kwa vifundo vya vidole, nasi tulipumua.

Shangazi Habiba alikuwa kinyume chake. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono ya mwanamume, na ndiye aliyewavusha wanawake wa kijiji kwenda mashambani. Mtumbwi wake ulichongwa na marehemu mumewe. Mchana aliufunika kwa majani ya mgomba usipasuke na jua. Siku asizoutumia aliuzamisha majini kwenye kina kifupi, akaupakia mawe, ukalala humo ukinywa maji. Mtu akiingia na jembe bila kuligeuza makali juu, alisikia maneno. Mimi nilikuwa nimeshaota meno ya pili na nilijiona mwerevu wa kuwajua watu wazima, na nilikuwa nimeshaamua kwamba Shangazi aliupenda ule mtumbwi kuliko alivyompenda mtu yeyote aliyekuwa hai.

Kijijini kwetu palikuwa na desturi. Mtoto angeweza kujivusha peke yake, akiliwa na mamba ni juu yake na wazazi wake. Lakini hakuruhusiwa kumpakia mtu mwingine mpaka awe ameupindua mtumbwi kwa makusudi mbele ya Shangazi Habiba, na kuurudisha, na kumrudisha abiria. Hakuna aliyejua desturi hiyo ilianza lini. Ninyi mliokulia mtoni mtakuwa mlipitia kitu kama hicho, kwa shangazi wa namna fulani.

Darasa lake lilikuwa mashamba ya mpunga ya upande wetu, yale ya bondeni ambayo mto ukifurika huyajaza na kuyaacha yametulia kama uji kwenye sinia. Maji yalinifika kifuani. Hapakuwa na mkondo, na mamba hawakupenda kukaa pale kwa kuwa ng'ombe na watoto waliyavuruga kutwa. Hata hivyo, kabla hatujaingia, Shangazi alizunguka kote na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akichomachoma majani ya pembeni. Akirudi alisema tu, "Haya, ingieni, nyumba iko wazi."

Sheria ya kwanza ilikuwa hapana kusimama. Chini palikuwa na tope laini na mguu ulitamani kulikanyaga. Aliyesimama alihesabiwa amekufa. Shangazi alikaa kwenye tuta, miguu majini, na akiona kichwa cha mtoto kimeinuka kupita kiasi alimtaja jina bila kupandisha sauti, akasema fulani amekufa, atoke aanze upya. Mimi nilikufa mara nyingi sana msimu ule.

Sheria ya pili ilihusu mtumbwi. Ukishapinduka, usitafute pondo, usitafute kilemba, usitafute mtu. Tafuta mtumbwi. Ukiupata usiupande ubavuni, utakugeukia tena kama punda. Nenda nyuma, kwenye tezi, uugeuze ukae sawa, kisha uusukume mbele na kuuvuta nyuma, mbele na nyuma, mpaka maji yaliyo ndani yaanze kuruka nje yenyewe. Yakipungua, panda kwa nyuma, tumbo kwanza kama kenge, ushike kibuyu kilichofungwa kwa kamba na kuteka yaliyobaki. Tulifanya hivyo mpaka vidole vikakunjamana na viwiko vikachubuka, na harufu ya ule mti wa mwembe uliolowa ikatuingia kwenye nywele.

Halafu palikuwa na abiria. Lilikuwa gunia lililojazwa pumba za mpunga, limefungwa shingo kwa kamba ya mgomba na kuvishwa kikoi kilichochakaa cha marehemu mume wa Shangazi. Watoto walimwita Bwana Harusi. Aliketishwa katikati ya mtumbwi kwa heshima, tukaupindua, naye akaenda zake. Akiwa mkavu alielea vizuri. Akichelewa kufuatwa alilowa, akawa mzito, akaanza kuzama polepole upande mmoja kama mtu anayesinzia msibani.

Zainabu, binti wa Shangazi, alikuwa rika langu na alinishinda katika kila kitu kinachohusu maji. Aliniita Ndama, kwa sababu ya kwao Mama, na kama mtoto wa shangazi alikuwa na haki ya kunitania apendavyo. Yeye alimrudisha Bwana Harusi karibu mkavu. Mimi nilimwua kila siku. "Ndama," angesema akiwa tutani anasuka nywele za mdogo wake, "bibi harusi anauliza utafika naye saa ngapi."

Kosa langu lilikuwa lilelile. Nikiibuka, macho yangu yalimwona yeye kwanza, na mikono ikamfuata yeye. Nilimkumbatia, akanitilia pumba mdomoni, tukazama pamoja. Siku moja Shangazi alinivuta kando, maji yakinitiririka, akaniuliza nikishamkamata mtu katikati ya mto nitampanda yeye au atanipanda mimi.

"Mtu hapandwi, mwanangu," akasema. "Lete mtumbwi."

"Na yeye je, nimwache?"

"Huwezi kumwacha hata ukitaka. Mto unawabeba nyote sawasawa, wewe na mtumbwi na yeye. Hakuna anayeachwa."

Niliyashika maneno hayo kama nilivyoshika ya Kurani chuoni, kwa ulimi tu. Katika shamba la mpunga hayakuwa na maana, kwani hapakuwa na mkondo wa kubeba chochote. Nilichokisikia mimi ni kwamba mtumbwi kwanza, mtu baadaye. Nikamtazama Shangazi akifuta ule mtumbwi kwa ncha ya kanga yake, nikasema moyoni, ndiyo, huyu ndivyo alivyo.

Baadaye alitupeleka mtoni, mmoja mmoja, kwenye kona ya mto karibu na ukingo ambako maji hayakuwa na haraka. Zamu yangu ilipofika, Zainabu alibaki nchi kavu akisubiri. Shangazi alisukuma mtumbwi kidogo, akaanza kunieleza tutafanya nini, na hapo gogo lililokuwa likielea nusu limezama likatupiga ubavuni. Hatukuupindua kwa mafunzo. Tulipinduliwa.

Niliibuka nimejaa maji puani. Nilikuwa najua kuogelea katika maji yaliyotulia, lakini haya yalinishika miguu na kunivuta, na kila nilichojifunza kilinitoka. Nilimwita Shangazi. Aligeuka akanitazama. Hili nina uhakika nalo, alinitazama machoni. Kisha akanigeuzia mgongo, akapiga maji kuufuata mtumbwi.

Mgongo ule nimekaa nao maisha yangu yote. Kanga iliyonata, mikono inayokata maji bila haraka, kisogo. Nilimeza maji nikipaza sauti, na Zainabu ukingoni alicheka, kwa sababu yeye alijua kinachofuata. Mimi sikujua. Haikuchukua muda, mtumbwi ukaja kwangu, Shangazi akanishika mkono akanipitisha kwenye tezi kama mtu anavyotoa nguo kwenye beseni. Na kabla hajaniuliza kama nimemeza maji, alipitisha kiganja chake ubavuni mwa mtumbwi, pale gogo lilipogonga, akipapasa kama umepasuka. Hilo ndilo lililomaliza mambo kwangu.

Nilifika nyumbani nikamwambia Mama kwamba tulipinduka mtoni, nikamwita Shangazi, akaniacha akafuata mtumbwi wake. Sikudanganya hata neno moja. Nimezeeka na jambo hilo bado linanisumbua, kwamba mtu anaweza kusema kile ambacho macho yake yaliona na bado akawa amemkosea mwenzake.

Mama hakupiga kelele. Kati ya nyumba yetu na ya Shangazi palikuwa na bakuli la enameli lenye maua mekundu. Lilikuja kwetu na kambare wa kukaangwa, likarudi na maziwa ya mgando. Lilikuja na ndizi, likarudi na samli. Halikuwa la mtu, lilikuwa la njia ile, na halikuwahi kwenda tupu. Jioni ile Mama aliliosha, akalikausha kwa kitambaa, akanipa nilipeleke.

Shangazi alilipokea, akatazama ndani kana kwamba kuna kitu kidogo kimedondokea humo. Aliniuliza kama mama yangu anaumwa. Nikasema haumwi. Akalifudikiza kwenye uchaga, akaendelea kutwanga.

Tangu siku hiyo Mama hakupanda tena mtumbwi wa Shangazi. Lakini mpunga wetu ulikuwa ng'ambo, unaanza kukomaa, na ndege walishuka juu yake makundi kwa makundi. Mpunga usipolindwa kutwa, familia haina cha kula mpaka msimu mwingine. Baba alikuwa na mtumbwi mdogo wa kuvulia. Mama akaniambia mimi ndiye nitakayemvusha.

Nilikuwa sijafaulu. Bwana Harusi alikuwa bado anakufa mikononi mwangu, na kijiji kizima kilijua. Lakini ugomvi wa mawifi haukuingiliwa na watu, na mimi nilivimba kichwa. Nilisimama nyuma na pondo kama mwanamume, Mama akakaa chini katikati, mikono ameshika kingo zote mbili, macho ameyafumba, midomo inasoma. Tulivuka asubuhi, tukarudi alasiri. Shangazi, aliyekuwa akivusha wengine, alituona. Niligundua kwamba kila tulipokuwa katikati, mtumbwi wake ulikuwa mahali fulani chini yetu, anajifanya anasubiri abiria. Nililiona hilo kama umbea.

Baadaye maji ya juu yakaja. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, kwetu jua linawaka, na mto ukapanda kimyakimya tukiwa shambani tunatupia ndege madongo. Tuliporudi ukingoni alasiri, rangi yake ilikuwa imegeuka, nyekundu kama chai ya maziwa iliyochemka sana, na umebeba majani na povu. Wanawake wengine walikuwa wameshavushwa, na mtumbwi wa Shangazi ulikuwa ng'ambo, umefungwa. Baadaye nilisikia kwamba Zainabu alikuwa na homa siku ile, ndiyo sababu Shangazi hakukawia mtoni. Ningeweza kungoja. Ningeweza kumpigia mtu ukelele. Mama aliniuliza kama tunaweza, nami nikasema tunaweza.

Tulipita nusu ya mto. Kisha nikachoma pondo kwenye tope, nikajisukuma, na pondo likakwama. Kila mtoto wa mtoni anajua kwamba pondo likikwama unaliachia. Lakini lilikuwa pondo la Baba, lilikuwa zuri, na nilikuwa nimevimba kichwa, nikalivuta. Mkondo uliondoa mtumbwi chini ya miguu yangu, mtumbwi ukalala ubavu, Mama akashika upande uleule uliokuwa unazama, na tukaenda.

Nilipoibuka kitu kilikuwa kimenikamata kifundo cha mguu. Mawazo ya kwanza ya mtoto wa Tana yanajulikana, lakini mamba hana vidole. Alikuwa Mama. Alikuwa amezama nusu, uso umegeukia juu, na amenishika mguu kwa mikono miwili namna ambayo nilikuwa nimesimuliwa tangu utotoni. Amepata mkia. Hataachia mpaka asikie kwato.

Mimi sikuwa dume la kuogelea. Nilikwenda chini, nikapanda, nikaenda chini tena. Nilimwambia aachie na maneno yakajaa maji. Na hapo nikauona mtumbwi. Ulikuwa umelala kifudifudi, mgongo wake mweusi unang'aa, si mbali, unaenda polepole. Nikajua kwamba nikibaki naye tutakuwa mimi na Bwana Harusi.

Nilimpiga Mama teke. La kwanza halikutosha. La pili lilimwachisha.

Niligeuka nikamwona uso. Guo lake la shingoni lilikuwa limejaa hewa na kufura mgongoni kama kibuyu, likimshikilia juu kwa muda ambao hakuna aliyeujua utakuwa mrefu kiasi gani. Aliniangalia. Nikamgeuzia mgongo, nikapiga maji kuufuata mtumbwi.

Nyuma yangu aliita jina langu, mara moja tu, kama mtu anayeuliza swali. Sikugeuka. Kitu kilichokuwa kifuani mwangu wakati ule sikijui jina mpaka leo. Nilichojua ni kwamba mikono yangu ilikuwa inakata maji kama niliyoiona siku nyingine ikikata, na kwamba nyuma yangu kuna mtu anakiona kisogo changu.

Nikaushika mtumbwi. Nikageuka nikitarajia kumwona amekwenda mbali, au simwoni kabisa. Alikuwa palepale. Ukingo ulikuwa unakimbia, miti inakimbia, lakini kati yangu na yeye maji yalikuwa yaleyale niliyoyaacha. Mto ulikuwa unatubeba sisi watatu, mtumbwi na Mama na mimi, sawasawa, kama watu walio kwenye mkeka mmoja. Nikasikia sauti ya Shangazi wazi kabisa, na safari hii haikuwa kwenye ulimi.

Guo la Mama lilikuwa limeanza kunywea. Sikuwa na muda wa kuutoa mtumbwi maji. Niliushika kwa mbele, nikauzungusha mpaka nyuma yake ikamwelekea, nikausukuma kwa miguu. Alinyoosha mikono, akagusa mti ulioteleza, mikono ikateleza, akaanza kunitazama mimi badala ya mtumbwi. Nikajua anatafuta mguu wangu tena.

"Mama," nikasema, "huo ndio mkia. Shika mkia."

Akaelewa. Nyuma palikuwa na kamba ya kufungia, akaizungusha mkononi na kukumbatia tezi kwa kiwiko, na uso wake ukatulia kabisa, kama mtu aliyerudi mahali anapopajua. Maji yalimpanda puani, hakuachia. Mimi nilikuwa mbele nikipiga miguu, nikiuelekeza mtumbwi upande wa nchi kidogo kidogo, kwani Shangazi alitufundisha pia kutoshindana na mto, bali kuuomba njia.

Ulitupeleka chini ya kijiji, kwenye malka, njia pana ambayo wafugaji huteremshia ng'ombe kuja kunywa. Kundi lilikuwa ndani ya maji mpaka magotini. Ng'ombe waliinua vichwa, wakatupisha, na mtumbwi ukaserereka mchangani katikati ya miguu yao. Nilisikia kwato. Mama naye alizisikia. Ndipo akaachia.

Alikaa ndani ya maji ya kina kifupi, akakohoa sana, akajifunika kichwa. Mchungaji mmoja mzee, fimbo mabegani, alituangalia kwa utulivu mkubwa, akamwuliza Mama jambo kwa lugha ya kwao. Mama akanyoosha kidole kuuonyesha mtumbwi uliolala kifudifudi, akajibu, na yule mzee akacheka mpaka akajishika kiuno. Baadaye Mama alinifasiria. Mzee alikuwa amemwuliza ng'ombe wake yuko wapi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, nguo zinakauka mwilini. Mpunga kidogo tuliokuwa tumevuna siku ile ulikuwa umekwenda, pondo la Baba limebaki limesimama katikati ya mto. Nilikuwa natembea nyuma yake nikijua nitapigwa. Nilikuwa nimempiga mama yangu teke, mara mbili, na hakuna nchi ambayo jambo hilo lina msamaha. Karibu na nyumbani alisimama bila kugeuka.

"Nilidhani umeniacha," akasema.

"Nilikwenda kuleta mtumbwi, Mama."

"Nimeuona. Na Habiba, siku ile. Alikwenda wapi?"

Nilikuwa naliona jibu kwa mara ya kwanza, wakati uleule aliokuwa analiona yeye. Nikaanza kulia. Mama hakunikataza. Alinishika kisogo, kilekile alichokiona majini, akanisukuma polepole mbele yake mpaka mlangoni.

Alibadilisha nguo, akaenda kwenye kibuyu cha samli, akakwangua. Hatukuwa na bakuli la maua mekundu, lilikuwa kwa Shangazi limefudikizwa. Basi akatumia sufuria yetu kubwa, akaijaza kuliko ilivyokuwa na haja, na kunichukua. Shangazi alikuwa ameketi kizingitini akimkanda Zainabu kichwa kwa kitambaa cha maji. Alipotuona nywele zetu zimelowa na zina mchanga alisimama haraka hata kitambaa kikaanguka.

Mama aliweka sufuria chini.

"Wifi," akasema, "siku ile mtoto aliniambia ulimwacha. Leo na mimi ameniacha."

Shangazi alinitazama, kisha akamtazama Mama kutoka juu mpaka chini, polepole, kama alivyoupapasa mtumbwi. Nilidhani anatafuta mahali palipopasuka, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Aliketi tena, akakiokota kitambaa. Kutoka kwenye mkeka, sauti ya homa ya Zainabu ikauliza kama Ndama amemleta abiria mkavu.

"Amelowa," Mama akajibu. "Lakini amefika."

Wakacheka, wote wawili, kwa namna ambayo haikuwa ya kuchekesha, na ilikoma polepole sana. Mimi nilisimama pale na sikusema lolote. Nilipaswa kusema. Nilipata miaka mingi baadaye ya kusema, nilisoma hadi sekondari, niliandikia watu barua za maneno mazuri, na kwa Shangazi kila mara nilileta sukari na majani ya chai na habari za Garsen. Alinipa mtumbwi wake alipochoka, akasema ndama wangu watafaidi. Nilishukuru kwa mtumbwi tu. Nadhani alijua. Natumaini.

Mama ndiye aliyesema kilichobaki. Wakati Shangazi alipohamisha samli kwenye bakuli la maua mekundu, ili asibaki na sufuria ya watu, Mama alikohoa maji yaliyokuwa bado kifuani, akajiweka sawa mtandio.

"Huyu mtoto akipona," akasema, akimwonyesha Zainabu, "nataka na mimi unipindue."

Na ilifanyika. Zainabu alipona, maji yakarudi kwenye mashamba ya bondeni, na asubuhi moja mama yangu, binti wa nyika, aliingia kwenye mtumbwi wa Shangazi akiwa amejifunga guo kiunoni. Wanawake walikuja na vikapu vyao wakajidai wanapita. Bwana Harusi alilazwa juu ya tuta, amepumzishwa, kwa sababu siku hiyo abiria wa majini nilikuwa mimi. Shangazi alizunguka na pondo, akarudi, akasema nyumba iko wazi. Kisha akaushika mtumbwi ubavuni na kuupindua kwa mkono mmoja.

Nilitangulia kuibuka. Nilielea pale nilipoambiwa nielee, miguu nimeikunja nisihesabiwe nimekufa. Mama aliibuka baadaye kidogo, anatema maji, nywele usoni, na macho yake yakaanza kutafuta. Yaliniona. Kwa mazoea mkono wangu ulikuwa umenyooka kumwelekea, kwa maana ni mama yangu. Aliutazama ule mkono, nikaona vidole vyake vinajikunja kana kwamba vimeshaushika.

Kisha akanigeuzia mgongo, akaanza kupiga maji, vibaya, kwa kelele, kichwa kimesimama kama cha ng'ombe anayevuka, akiufuata mtumbwi. Katika maisha yangu sijawahi kufurahi kuachwa namna ile.